Barua ya Alama za Vidole

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Umesema niandike kwa sababu kwenye simu nakuwa bubu. Si kosa langu peke yangu. Simu ya huko ni ya Mjomba, masikio yake mazito, kwa hiyo kila ukinipigia anaiweka kwenye spika na nyumba nzima inakaa kunisubiri niseme. Nikisikia watu wanapumua kwa pamoja namna ile, ulimi unakauka, ndiyo maana mnanitania kwa jina la Redio. Kwenye karatasi hakuna anayepumua.

Mwalimu wa darasa la Jumamosi alitufundisha kuanza barua ya Kiswahili kwa kusema kwamba mimi ni mzima. Sijui kama ni mzima, kwa hiyo hapo naruka.

Baba yeye mzima. Tangu uondoke amekuwa mpishi. Juzi ameunguza maji. Mtu anaunguzaje maji? Aliyaacha jikoni akaenda kugombana na lifti ya jengo letu, maana fundi wa lifti hata nyumbani hawezi kupita lifti mbovu bila kuifungua tumbo. Anasema lifti yetu ina tabia kama yangu: ukiibonyeza inafikiri kwanza.

Kila akirudi, kabla hajavua viatu, anauliza habari za kibali chako cha kurudi. Namwambia ofisi imepokea maombi, tusubiri. Namwambia asiwe na presha, mwenye kadi ya ukaazi anaruhusiwa kukaa nje hadi mwaka mmoja hata bila kibali. Kibali ni cha anayezidisha mwaka. Na wewe hutazidisha. Daktari alisema Bibi amebakiza wiki tatu.

Samahani, hiyo sentensi ya mwisho imetoka vibaya. Naandika kwa kalamu, siwezi kuifuta.

Mwanao,
Redio


30 Aprili

Redio wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma bafuni, mlango nimefunga, Mjomba wako anagonga kuuliza kama tumbo linanisumbua. Nimemwambia ndiyo. Humu ndani ukitaka kuwa peke yako lazima uumwe.

Usiombe samahani kwa sentensi. Daktari alisema wiki tatu, leo ni wiki ya saba, na mgonjwa mwenyewe ananigombeza kwa macho. Upande wa kushoto haufanyi kazi. Maneno yamembakia matatu: maji, hapana, na jina aliloniita nikiwa mdogo, ambalo sikuambii kwa sababu utanicheka. Kwa maneno hayo matatu anatawala nyumba nzima.

Mjomba wako ni mwana mwema. Analeta dawa, anabeba maji, anatengeneza kitanda kikilegea. Lakini hawezi kumwogesha mama yake mzazi, na mama yake hawezi kukubali kuogeshwa naye. Kwa hiyo ni mimi. Asubuhi namgeuza, mchana namgeuza, jioni namgeuza. Miaka yote ile nafua mashuka ya hospitali sikujua aliyelala juu yake anakuwa mzito kiasi gani.

Mwambie baba yako apunguze moto, maji hayana haraka. Karatasi zangu ziko mikononi mwako tangu ukiwa na miaka tisa, na sijawahi kujuta.

Mama yako


14 Agosti

Mama,

Shikamoo. Nimechelewa kuandika. Kulikuwa na mitihani, halafu nikaogopa kuandika, halafu nikaogopa kwa sababu nimechelewa.

Kibali chako kimefika. Ni cha miaka miwili. Nimekiweka kwenye kopo la biskuti pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Nimemwambia na Baba, na siku hiyo alivua viatu kwanza.

Kwa hiyo usiwe na haraka. Muuguze Bibi.

Darasani tulitakiwa kusimama mbele na kueleza kitu kwa dakika tano. Nilieleza jinsi lifti inavyojua ghorofa. Nilitumia dakika moja na nusu, mwalimu akasema vizuri sana ila waliokaa nyuma hawakusikia. Waliokaa mbele pia hawakusikia, walikuwa na adabu tu.

Koti lako bado liko nyuma ya mlango. Baba hataki liondolewe, anasema likitoka mlango utapiga kelele.

Redio


9 Septemba

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Miaka miwili. Basi nimesikia.

Nataka ujue kwamba siku barua yako ilipofika nilikuwa nimeshafunga begi. Mjomba wako alikuwa ameshaulizia gari la kunipeleka uwanja wa ndege. Bibi yako alikuwa ananitazama nikikunja nguo na kusema hapana, hapana, hapana, mpaka shingo ikamchoka.

Nimelifungua begi. Nimezirudisha nguo kabatini mbele yake, moja moja, aone. Hujui umenipa nini, mwanangu. Au labda unajua. Wewe ni mtoto wa kimya, lakini hujawahi kuwa mtoto wa kutojua.

Mama yako


12 Januari

Mama,

Barua hii nimeituma kwa njia ya haraka. Tafadhali isome ukiwa umekaa.

Nimekupigia simu mara tatu wiki hii. Mara zote tatu Mjomba akasema, "Haya Redio, washa betri, tunakusikia wote!" Nikauliza kama mvua imenyesha. Nikakata.

Huna kibali. Hakijawahi kuja. Kwenye kopo la biskuti kuna vyeti vya kuzaliwa na vifungo tu.

Unakumbuka barua iliyokuja siku tatu kabla ya safari yako? Ulikuwa unapiga pasi, ukaniuliza wanasemaje, nikasema wanasema wamepokea maombi. Hawakusema hivyo. Walisema ufike ofisini tarehe 19 Machi kutoa alama za vidole, uje na mtu wa kukutafsiria, na usipofika maombi yatafungwa. Tiketi yako ilikuwa ya tarehe 11. Na vidole vinachukuliwa huku tu, kabla hujatoka, huko haiwezekani.

Nilipaswa kukuambia. Ungeweza kusogeza safari siku nane, au tungewapigia kuwaomba tarehe ya karibu. Lakini nani angepiga? Nani angesimama dirishani? Mimi. Siku zote ni mimi.

Hujui kilichotokea siku ile tulipopeleka maombi. Dirisha namba nne, yule wa miwani yenye kamba. Nilimweleza shida yako, akasema, "Sema kwa sauti." Nikasema tena. Akasema, "Kama huwezi kusema, kwa nini wamekuleta wewe?" Watu kwenye foleni wakacheka. Wewe ukaniuliza, "Amesemaje?" Nikakuambia, "Amesema tusubiri kidogo." Ukamshukuru, Mama. Ulimwinamia kichwa ukamshukuru.

Nilipoona barua inataka turudi kule, niliiweka ndani ya kamusi na nikadanganya. Ndiyo sababu yote. Hakuna nyingine. Mtu akisikia atacheka. Nilidhani utarudi baada ya wiki tatu na hakuna atakayejua. Kisha mwezi Agosti Baba akasema anachukua likizo ya siku moja, twende wote dirisha namba nne kuuliza. Nikamwambia kimefika. Na nikakuambia na wewe.

Mwaka unatimia tarehe 11 Machi. Ukipita, kadi yako inakufa. Utakuwa mgeni kama mgeni yeyote, na kuanza upya ni miaka.

Nimemwambia Baba jana. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alikaa juu ya sanduku lake la vifaa, akasema, "Mwambie arudi." Basi nakuambia. Rudi, Mama. Bado kuna muda. Tafadhali rudi halafu unichape.

Redio


27 Januari

Redio wangu,

Barua yako imenifikia siku sita zilizopita. Siku zote sita nimekuwa nikikuandikia jibu kichwani huku namgeuza bibi yako.

Nilijua.

Ile barua niliiona kesho yake. Nilikuwa natafuta mkasi kwenye meza yako, kamusi imevimba kama imekula kitu. Nikaona jina langu, nikaona muhuri wa ofisi, nikaona 19. Tarehe sihitaji kusomewa. Nikaipeleka kazini, nikampa mwenzangu yule wa pasi, anayesoma mpaka maandishi ya kwenye sabuni. Alinisomea katikati ya marundo ya mashuka. Akaniambia, "Dada, usisafiri." Nikamwambia, "Nisomee tena." Akasoma tena. Nikaikunja, nikairudisha kwenye kamusi, ukurasa ule ule.

Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri mtoto wangu ameona kwamba nikijua nitaghairi safari, na nikighairi bibi atakufa sijamwona. Nilifikiri umeniachia mlango wazi ukajifanya hukuugusa. Nilipanda ndege nikisema moyoni, nimezaa mtu. Na ulipoandika Agosti kwamba kibali kimefika, nikajua ni uongo, nikasema anauongeza mlango upana. Ananiambia baki, Mama, sisi tutaweza. Ndiyo maana nililifungua begi.

Sasa naambiwa ulikuwa unamwogopa mtu wa miwani. Na mimi nilimwinamia kichwa! Mwanangu, ningejua ningemtoa kwenye kile kidirisha kwa kola.

Sikulaumu. Nakuomba na wewe usinilaumu, ingawa una haki. Nilikuona unabeba kitu kizito nikadhani ni zawadi, kwa hiyo sikukupokea.

Kuhusu tarehe 11. Zimebaki siku arobaini na tatu, najua kuhesabu. Ningeweza kuja. Lakini nilipoondoka hapa kuja huko nilimwambia mama yangu nakwenda miaka miwili. Nikakaa kumi na moja. Kila mwaka nilimwambia mwakani. Sasa ananishika mkono kwa mkono wake mmoja mzima, na nikisimama tu kwenda kuchota maji anaita lile jina. Nikiondoka ataita nani? Wewe una baba yako, una miguu, una akili ya watu wawili. Yeye ana maneno matatu, na moja ni mimi.

Siji, Redio. Nimeandika neno hilo mara nyingi nikachana. Hili sitalichana.

Mama yako


12 Machi

Mama,

Jana ilikuwa siku yenyewe.

Barua yangu ilikufikia baada ya siku tisa. Yako imechukua siku thelathini na nne. Stempu ni ya kawaida. Umeituma kwa njia ya kawaida makusudi, ili ikija kusiwe na muda wa kubishana. Nakufahamu.

Wakati huo wote sisi tulikuwa tunakusubiri. Baba alitandika mashuka mapya. Alirekebisha lifti bila kuombwa na mtu, akasema hutapanda ngazi na mabegi. Tarehe mbili ndiyo barua ikaja. Nikamsomea sentensi moja moja, na nilipofika "Siji" nilijaribu kutafuta namna nyingine ya kuisoma. Miaka yote nimekuwa natafsiri barua za watu humu ndani. Ile ilikuwa kwa lugha yetu, haikuwa na pa kujificha.

Nikakupigia. Nilisema, Mama. Mjomba alikuwepo, na wote walikuwepo wanapumua, na nilisema, "Mama, njoo." Nilisema kwa sauti. Ukasema, "Redio, Bibi anataka maji, nitakupigia." Hukupiga.

Mwaka mzima nilijua kwamba mimi ndiye niliyekufungia mlango. Nilikuwa nashindwa kula. Sasa najua haukuwa umefungwa, na hukupita. Sijui kwa nini ilikuwa afadhali ile ya kwanza.

Koti nimelitoa nyuma ya mlango. Mlango haujapiga kelele.

(Bila jina)


3 Aprili

Mama,

Shikamoo. Samahani kwa barua ile. Koti nimelirudisha.

Nimekwenda dirisha namba nne. Peke yangu. Nilipanga foleni tangu asubuhi nikiwa nimeandika maneno kwenye kiganja kama mwizi wa mitihani. Yule wa miwani yupo vile vile, kamba amebadilisha, sasa ni ya kijani. Nikamweleza. Akasema, "Sema kwa sauti." Nikavuta pumzi nikasema kwa sauti mpaka mlinzi akageuka:

"Barua ya alama za vidole niliificha mimi. Mama yangu hakujua."

Sentensi ya kwanza niliyowahi kusema vizuri katika ofisi ile, na nusu yake ni uongo.

Akachukua kalamu. Kisha akaeleza, polepole, tena kwa upole, ndicho kilichoniudhi. Kuna njia. Mkaazi aliyezidisha mwaka kwa sababu iliyo nje ya uwezo wake anaweza kuomba kwenye ubalozi huko uliko arudishiwe haki. Anahojiwa, anaonyesha ushahidi. Akaandika maelezo yangu, akanipa nikatia saini, akagonga muhuri. Nakala hiyo hapa ndani. Inasema mimi nilificha na wewe hukujua. Na njia hiyo ina muda: ukikubaliwa unapewa miezi ya kujipanga kabla hujaingia. Bibi anaweza kuwa amepata nafuu. Au anaweza kuwa chochote.

Nenda ubalozini. Watakuuliza kama ulijua. Huhitaji hata kudanganya, wape karatasi na unyamaze. Kunyamaza ni rahisi, mimi nimefanya miaka kumi na sita.

Redio


2 Mei

Redio wangu,

Nimekwenda. Mjomba wako alikaa na bibi yako nusu siku, na niliporudi wote wawili walikuwa wanalia, kila mtu upande wake wa chumba.

Ubalozini ni chumba cheupe chenye viti vilivyofungwa sakafuni, kana kwamba mtu ataiba kiti. Alinihoji dada mmoja kijana, ana mkalimani wake. Nilimwangalia yule mkalimani, mtu mzima mwenye tai na kikombe cha chai, nikakukumbuka ukiwa na miaka tisa, kidevu hakifiki dirishani.

Karatasi yako niliitoa. Akaisoma. Akauliza, "Kwa hiyo binti yako alikuficha barua hii, nawe hukujua?"

Nilitaka kunyamaza kama ulivyonielekeza. Naapa nilitaka. Nilihesabu maua ya pazia. Lakini ile karatasi ina jina lako lote, jina la shule, na saini yako uliyoibonyeza mpaka kalamu ikatoboa. Ingekaa kwenye faili lao maisha yako yote: huyu ndiye aliyemfungia mama yake nje. Kila ukiomba kitu, mtu wa miwani angeifungua. Nami ningeingia kwako kwa mlango huo, nikae mezani kwako, nile.

Nikasema, "Nilijua. Nilisomewa kabla sijasafiri. Mtoto ananikinga."

Mkalimani akaacha kikombe. Yule dada akauliza kama nina hakika, akauliza mara mbili, mtu mwema. Kuna swali kwenye fomu: je, sababu ya kukaa ilikuwa nje ya uwezo wako? Nikaandika Hapana kwa mkono wangu. Akaichukua kadi, akaitoboa kwa kile kimashine cha kutobolea karatasi, akaniuliza kama naitaka iwe kumbukumbu. Nakutumia. Nimeituma kwa njia ya haraka.

Nimekupoteza huko ili nisikupoteze kabisa. Sijui kama hilo linaeleweka kwa lugha yoyote.

Siku ya simu ile nilikuwa nimeshika kikombe cha Bibi, maji yakamwagika yote. Nilisikia ulivyosema. Ulisema kwa sauti. Bibi yako pia alisikia, akageuza macho akaitazama simu. Sikukupigia kwa sababu ungesema tena, na mara ya pili ningekuja.

Mama yako


6 Juni

Mama,

Shikamoo. Kadi imefika. Baba aliishika kwenye mwanga wa dirisha la jikoni, akachungulia katika tundu, halafu akaenda kurekebisha lifti. Lifti haikuwa mbovu.

Shule zinafungwa mwezi ujao, na Baba amekubali nije. Tiketi bado hatujakata. Nimesema kwanza vidole.

Kwa hiyo nilikwenda tena dirisha namba nne. Yule wa miwani akafungua faili, akasoma, akasema, "Wewe ulisema mama yako hakujua."

"Ndiyo."

"Ulidanganya."

"Ndiyo," nikasema, na foleni nzima ikasikia, na hakuna aliyecheka. Akaitoa karatasi yangu kwenye faili akanirudishia. Akasema haina kazi tena. Nikamwambia nataka kibali cha kurudi. Akauliza nakaa nje muda gani, nikasema wiki sita. Akasema, "Wiki sita huhitaji kibali, binti. Unajisumbua."

Nikamwambia najua. Nikamwambia nakitaka hivyo hivyo, cha miaka miwili, kwa sababu nikifika kwa mama yangu sitaki kuamka nahesabu siku.

Akajaza fomu. Alinisogezea kile kioo cha kuchukulia alama, nikaweka vidole, kimoja kimoja, kumi. Alisema nisibonyeze sana.

Wiki sita nitakusaidia kumgeuza Bibi. Nitajua uzito wake. Utaniambia lile jina, na nitacheka, uwe tayari. Halafu nitaondoka, na wewe utabaki mlangoni, na hilo sijui tutalifanyaje. Baba ananipa koti lako nikuletee. Anasema huku baridi imeisha. Haijaisha.

Kadi nimeiweka kwenye kopo la biskuti. Tundu limepita begani, Mama. Uso wako wote upo.

Redio